Barua ya wazi kwa mwanangu aliyevalishwa jezi ya libero

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na pale uliposema kocha "ameniua kabla msimu haujaanza" nimeparudia kwa kuwa pamenichekesha. Usinune. Baba yako naye kanipigia, kakasirika kukushinda wewe mwenyewe. Anauliza inakuwaje msichana aliyekuwa mshambuliaji tegemeo wa voliboli wa shule nzima afike chuoni, mazoezi ya maandalizi hayajakolea, aambiwe kuanzia leo smashi basi, wewe ni libero, yule wa kukaa nyuma kupokea na kuokoa mipira tu. Nikamwambia aniachie mimi. Nakujibu hadharani kwa sababu kila msimu wa vyuo unapokaribia kuna mabinti kibao wanaolizwa na jambo hilihili, na wapo wanaofungasha viatu kimyakimya wasionekane tena ukumbini.

Msimamo wangu ni huu, nisikuzungushe: ichukue hiyo jezi. Kocha anapoijenga timu upya anaanzia kwenye mguso wa kwanza, yaani kuupokea mpira wa wapinzani, na mguso wa kwanza kakukabidhi wewe uliyeingia juzi. Sioni tusi hapo.

Ila malalamiko yako yana ukweli, siwezi kujifanya siuoni. Libero kafungwa mikono kwelikweli. Haruhusiwi kuzuia wavuni, hata kujaribu tu ni kosa. Haruhusiwi kuupeleka mpira upande wa pili ukiwa wote juu ya ukingo wa wavu, hata akiwa amesimama nyuma kabisa. Akiwa mbele ya mstari wa mita 3 kutoka wavuni akamwinulia mwenzake mpira kwa vidole, mwenzake huyo hawezi kuumalizia juu ya wavu, itapulizwa filimbi. Kwa sheria za kimataifa hasevu kabisa, yaani haanzishi mpira, ingawa kwenye voliboli ya vyuo vya Marekani wanamruhusu kusevu katika zamu moja ya mzunguko. Maana yake, kwenye karatasi ya takwimu safu yako ya pointi itakuwa imejaa sifuri, na marafiki zako wasioujua mchezo watakuuliza kama ulicheza. Nalijua hilo, na linauma.

Sasa ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa kabla ya libero, maana nyinyi mmemkuta.

Enzi nacheza mimi hiyo nafasi haikuwepo. Shirikisho la kimataifa, FIVB, lilimwingiza libero rasmi mwaka 1998. Kabla ya hapo kila mmoja alizunguka nafasi zote sita, apende asipende. Yule dada mrefu wa katikati, anayetisha wavuni, ilikuwa akifika nyuma tu wapinzani wanamsevia yeye, sevu baada ya sevu. Sisi tunajua, wao wanajua, mwamuzi anajua. Kocha wetu alikuwa anageuka kutazama ukuta. Watazamaji wenyewe walikuwa wachezaji wa mechi inayofuata, kwa hiyo angalau aibu haikwenda mbali.

Na pointi tulizihesabu kwa namna nyingine. Timu inayosevu peke yake ndiyo iliyopata pointi, seti inaishia 15. Ukipokea vizuri, ukashambulia, ukaua mpira, ulichopata ni haki ya kusevu tu. Mechi zilikuwa zinavutwa mpaka watu wanasinzia. Kisha, kuelekea mwaka 2000, ukaja utaratibu huu mliozaliwa nao: kila mpira unaochezwa ni pointi, seti nne za mwanzo zinakwenda 25, ya tano 15. Fikiria hesabu hiyo kwa upande wa anayepokea. Zamani ukipokea vizuri ulikuwa unajiokoa. Leo ukipokea vizuri umeanzisha shambulizi lenye pointi ndani yake. Kwenye viwango vya juu, timu inayopokea hushinda mipira mingi kuliko inayosevu, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoshambulia kwanza. Timu ikishindwa kufanya hivyo, hata iwe na washambuliaji wa kuvunja sakafu, inabaki kufukuza matokeo usiku kucha.

Umesema mwenyewe timu yenu ina warefu wawili wapya wa kati na mshambuliaji wa kulia mwenye mkono wa kushoto. Vizuri sana. Nani atawafikishia mpira? Utaniambia seta, yule anayewainulia washambuliaji. Seta aliyepokelewa vibaya ni mpishi aliyeletewa kuni mbichi: atapuliza, atalia machozi, na wageni watalala njaa.

Ukitaka kuamini, angalia makocha wanavyoandika. Muombe msaidizi wa kocha akuonyeshe daftari lake la mapokezi, nina hakika analo. Wengi huandika kwa alama 0 hadi 3. Sifuri, sevu imekupita au umeipeleka jukwaani. Moja, mpira uko hai lakini seta kaukimbilia mbali, kilichobaki ni kuinua juu kule pembeni, na wazuiaji wa upande wa pili wameshapanga mikono wanakusubiri. Mbili, seta ana chaguo mbili. Tatu, mpira umemfikia karibu na wavu, kati ya nafasi ya 2, mbele kulia, na ya 3, mbele katikati, wala hakulazimika kusogeza miguu. Hapo ana katikati, ana pembeni kote, ana na wa nyuma, na mzuiaji wa wapinzani hajui amfuate nani. Alama zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya sevu ulizopokea. Ukifika wastani wa 2 na kuendelea, kocha wa chuo hawezi kukuweka benchi hata mkigombana. Hizo ndizo pointi zako. Haziandikwi kwenye ubao wa matokeo, lakini kocha anazo.

Kuna timu moja ya wanaume nataka uitafute mtandaoni ukipata muda, Marekani ya Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 1984. Wakati huo kawaida ilikuwa wachezaji watano wanajipanga kupokea sevu. Kocha wao, Doug Beal, aliwaachia kazi hiyo watu wawili tu, Karch Kiraly na Aldis Berzins, wafunike uwanja wote wa mita 9 kwa 9, ili wengine wawe huru kushambulia. Wakachukua dhahabu. Kiraly huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa kocha wa wanawake wa Marekani waliopata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo, mwaka 2021. Na libero bora wa mashindano yale alitoka kwenye timu hiyo, Justine Wong-Orantes, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa vyuo akiwa Nebraska mwaka 2015. Paris, mwaka 2024, ikawa zamu ya Italia, na libero wao Monica De Gennaro alikuwa na miaka 37. Miaka 37! Tafuta washambuliaji wanaofika umri huo wakiwa bado wanaruka fainali ya Olimpiki uone kama watajaza benchi.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, maana najua umejaliwa mkono wa kupiga ila mapokezi yako hayakuwahi kunifurahisha. Nilikuwa nakaa jukwaani nanyamaza kwa kuwa ulikuwa unafunga.

Tatizo lako ni mikono kuwahi. Sevu haijavuka wavu umeshaiunganisha, kisha unakimbia nayo imefungwa hivyo, unafika umepinda. Miguu iende kwanza, mikono ifunguke huru, iungane ukishafika. Ukishaiunganisha, vidole gumba viwili vilale sambamba vikielekezwa chini, viganja vivunjike kidogo kuelekea sakafuni ili viwiko vinyooke vyenyewe, mabega uyasukume mbele kama mtu anayetaka kugusa masikio nayo. Mpira utue juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale kwenye nyama ya mkono, na usiupige. Sevu ngumu ina kasi yake tayari; kinachotakiwa ni pembe. Mpira ukikujia pembeni, usigeuze mwili wote, shusha bega lililo upande wa seta ili ule ubao wa mikono utazame kwake. Bega hilo likibaki juu, mpira unakwenda kwa mashabiki.

Sevu itakayokusumbua zaidi chuoni si ile ya kuruka na kupiga kwa nguvu zote. Hiyo inatisha, lakini inazunguka, na mpira unaozunguka una njia inayotabirika. Ogopa ile inayoelea. Mpigaji anaugonga katikati kwa kiganja kigumu, anauacha hapohapo, mpira unakuja haujizungushi hata kidogo. Hewa inaachana na uso wa mpira bila mpangilio, hasa kwenye mishono, basi unayumba: unadondoka ghafla, au unakukwepa hatua ya mwisho. Na tangu kiganja kiuguse mpaka ukufikie ni kama sekunde moja, pengine pungufu. Huwezi kuusubiri uamue. Anza kusoma kabla haujapigwa: bega la mpigaji linaelekea wapi, anaurusha mpira mbele au juu ya kichwa, mkono unasimama au unafuatiliza. Kisha songa mbele mapema, uchukue nafasi ya kupokea kwa vidole inapowezekana. Mguso wa kwanza wa timu sheria ina huruma nao, mpira ukigonga kidole kimoja kabla ya kingine katika tendo moja si kosa. Enzi zetu hata mguu haukuruhusiwa, sheria hiyo ililegezwa katikati ya miaka ya 1990. Nyinyi mna uhuru mwingi, utumieni.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye mazoezi ya mtu mmoja ni mdomo. Libero bubu ni hasara. Sevu nyingi zinazoua timu hazimpigi mtu, zinaanguka katikati ya watu wawili, kila mmoja akimwangalia mwenziwe kwa heshima. Wewe ndiye wa kuvunja heshima hiyo. "Yangu!" ipigwe mapema, kabla mpira haujavuka wavu. Ukiuona unatoka, "Nje!" kwa sauti inayomfikia mwenzako ambaye ameshanyoosha mikono. Na kabla ya kila sevu, amua na jirani zako mipira ya katikati ni ya nani. Kanuni ya kawaida ni kwamba mwenye njia rahisi ya kumfikishia seta ndiye anayeuchukua, lakini kanuni yoyote mtakayokubaliana ni bora kuliko adabu. Ndiyo, najua wewe ni wa mwaka wa kwanza na hao ni dada zako wa mwaka wa tatu. Nje ya mistari waamkie, wabebee mipira, wape viti. Ndani ya mistari waamrishe. Kama hawakukuelewa wiki hii, watakuelewa mechi ya kwanza ya kirafiki.

Kuhusu yule libero wa msimu uliopita unayesema hakusalimii, mwache apoe. Timu inaweza kuandikisha libero wawili, na mtahitajiana kabla msimu haujafika nusu. Muulize swali moja la kiufundi, la kweli, sio la kujipendekeza. Mtu aliyekaa pale nyuma mwaka mzima anajua seta wenu anataka mpira kimo gani, na hilo hakuna kocha atakayekufundisha vizuri kama yeye.

Mwili sasa. Umelalamika mazoezi mara mbili kwa siku yamekuchosha, na mapaja yamegoma kupanda ngazi. Ndivyo maandalizi yalivyo, lakini uchovu una aina zake. Maumivu ya misuli yanayoisha siku mbili tatu, vumilia. Maumivu ya kona moja ya goti, ya mfupa, yanayorudi mahali palepale kila ukiinama, hayo mpelekee mtu wa tiba wa timu siku hiyohiyo, usisubiri yavimbe ndipo uonekane shujaa. Wasichana katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huumia ligamenti ya mbele ya goti kuliko wavulana, na wiki za maandalizi, mzigo unapopanda ghafla kwa mtu aliyetoka likizo, ni wakati mbaya wa kupuuza ishara. Ukiwa libero utapona na ile ya kuruka mamia ya mara kwa wiki na kutua juu ya mguu wa mtu chini ya wavu, inayovunja vifundo vya wenzako. Utalipa kwingine: nyonga, viwiko, kiuno cha kuinama. Jifunze kuanguka kabla hujajifunza kuruka kuokoa. Teleza kwa kifua na paja, usitue kwa goti wala kwa kiwiko. Pedi za magoti zisiwe mapambo.

Zile mbio ndefu za kuzunguka uwanja, mimi binafsi nadhani ni za kumfurahisha kocha. Mpira mmoja kwenye mchezo wetu mara nyingi haumalizi sekunde 10, kisha watu wanapumua, kisha mwingine. Anayehitaji kuwa hodari ni mtu wa hatua tatu za haraka, mara nyingi, akiwa amechoka. Lakini ukiamriwa ukimbie, kimbia, na usimwonyeshe kocha barua hii.

Hili la mwisho kuhusu mwili ningekuita pembeni, ila kwa kuwa nimesema wapo wengine wanaosoma, na liwe hadharani. Kula. Mazoezi yameongezeka, chakula nacho kiongezeke. Nimeona mabinti wanaanza maandalizi ya msimu wakijinyima ili jezi iwakae, na ile kaptura fupi ya voliboli haisaidii, inamfanya kila mtu ajitazame. Siku zako zikikatika, usifurahi kwamba umepumzika usumbufu, wala usiamini anayekuambia ni dalili ya kuwa fiti. Mwili umeanza kubana matumizi kwa sababu unachoingiza hakitoshi unachotoa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hiyo mwaka 2014, ikaeleza inavyogusa mifupa, moyo, kinga na hata uwezo wa uwanjani. Mwambie daktari. Ukishindwa, niambie mimi nimwambie daktari.

Na ndoto yako ya kushambulia? Sijakuambia uizike. Libero anateuliwa kwenye fomu ya mechi, hakuna sheria inayomfunga mtu humo maisha. Mwendee kocha, si kwa kilio, umuulize mambo matatu: kwa nini mimi, utanipima kwa nini, na je naweza kubaki dakika chache baada ya mazoezi nipige mipira yangu. Mshambuliaji wa pembeni asiyejua kupokea hutolewa kila akifika nyuma; anayejua anabaki uwanjani mizunguko yote sita. Msimu mmoja katika jezi hiyo utakupa kitu ambacho wapigaji wenzako hawana. Sikuahidi kwamba mwakani utarudi pembeni. Inawezekana utaipenda kazi ya nyuma ukakataa kurudi, nimeshaona ikitokea kwa watu wakaidi kuliko wewe.

Baba yako nitamalizana naye. Yeye bado anadhani mchezo unaanza mpira unapopigwa juu ya wavu, na nina mpango wa kumkalisha mechi nzima karibu nami, nimkataze kuangalia smashi hata moja.

Ratiba ya mechi za kirafiki ikitoka nitumie. Nitakaa nyuma ya mstari wa mwisho, upande wenu, huko ndiko mapokezi yanakoonekana sawasawa, na nitaandika alama kwa daftari langu mwenyewe. Usitegemee upendeleo. Mpira wa 1 nitauandika 1.

Shangazi yako